Tangu tuhamie Dodoma na mtoto, sijapata kanisa la kukaa

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 26, naishi Nzuguni hapa Dodoma. Kwetu ni Njombe, nimezaliwa na kulelewa Mlutheri. Mama yangu ni mzee wa kanisa na mimi nimeimba kwaya ya vijana mpaka nilipoondoka nyumbani. Mwenzangu ni mtu wa Mbeya, kwao wote ni Wamoravian. Ni fundi umeme, na kilichotuleta huku ni kazi za majengo ya Mji wa Serikali kule Mtumba. Anatoka alfajiri, anarudi giza limeingia, na Jumamosi yuko saiti vilevile. Mimi nashinda na mtoto. Ana mwaka mmoja na miezi kadhaa, ameanza kutembea na hatulii hata dakika mbili. Ndugu hapa sina.

Shangazi, natafuta kanisa na sioni pa kukaa.

La kwanza nilikwenda mjini. Kanisa kubwa, zuri, kwaya ya kukutoa machozi. Nikakaa katikati kama nilivyozoea nyumbani. Mahubiri yameanza tu, mtoto akataka kushuka, nikamshusha, akashika njia mpaka kwenye kinanda. Mhudumu akanifuata, akaniinamia, akasema, "Mama, wenye watoto wanakaa nje kwenye turubai." Hakunifokea, lakini watu wa mabenchi ya mbele yangu waligeuka wote. Huko nje tulikuwa akina mama kama kumi hivi, spika haitoi sauti, kila mmoja na simu yake, na jua la saa tano la Dodoma unalijua. Jumapili nyingine nikarudi, ikawa vilevile, hakuna aliyeniuliza hata jina. Nikapiga hesabu, nauli ya bajaji kwenda na kurudi ni pampasi za siku kadhaa. Nikaacha.

La pili liko mtaa wa pili kutoka kwangu, ni la Kipentekoste. Sitasema uongo, hawa walinipokea vizuri mno. Wageni tulisimamishwa, nikapewa kipaza sauti nijitambulishe, wakaandika jina langu na namba ya simu. Wiki ileile wakaja dada wawili nyumbani na sukari. Tukasalimiana, tukaomba, kisha mmoja akauliza, "Mmefunga ndoa kanisani?" Nikasema bado. Wakaniambia nitafute pa kukaa mbali na mwenzangu mpaka tufunge. Nilipouliza habari za ubatizo wa mtoto wakasema kwao mtoto mdogo habatizwi, anawekwa wakfu tu. Mwenzangu aliporudi nikamsimulia. Akasema, "Hao wasije tena hapa." Sasa wakipiga simu sipokei, na nikienda sokoni nazunguka njia nyingine.

La tatu ni la Waanglikana, nilipelekwa na jirani yangu, bibi mmoja Mgogo anayeuza mboga. Nyimbo nyingine ni za Kigogo, sikuambulia kitu. Lakini yule bibi alimchukua mtoto hata bila kuniuliza, akamfunga mgongoni kwa khanga yake, mtoto akalala. Nilikaa ibada nzima mikono mitupu, mara ya kwanza tangu nijifungue. Nilirudi nyumbani nimechangamka. Tatizo ni kwamba hilo si kanisa letu, na mama yangu nikimwambia nasali Anglikana sijui atalipokeaje.

Halafu kuna hilo la ndoa, na ndilo linaloninyima usingizi. Mwenzangu alijitambulisha kwetu kwa utaratibu, mshenga alikwenda, barua ilipokelewa, mahari imetolewa nusu. Mpango ulikuwa amalizie, tufanye harusi, mimba ikatangulia. Kila tukipiga hesabu ya harusi tunaona haitawezekana mwaka huu, na mwaka ujao ni hivyo hivyo. Mtoto bado hajabatizwa. Mama anataka nimpeleke Njombe, yeye ndiye amshike mbele ya mchungaji, yaishe. Hapa Dodoma naogopa kujiunga na jumuiya, yale makundi madogo ya kusali mtaani, kwa sababu najua wataniuliza. Najua pia habari za kusimama mbele ya usharika kutubu. Nimeona dada zangu wa kwaya wakisimama peke yao, na aliyempa mmoja wao mimba ameketi kwenye besi anatazama kitabu cha nyimbo.

Na michango, Shangazi. Nikijiandikisha si nitapewa bahasha? Ya ahadi, ya jengo, ya nini na nini. Kwa sasa tunaishi kwa posho ya wiki.

Mwenzangu anasema Mungu anasikia hata chumbani. Anasikia, sibishi, lakini mimi nataka watu. Nifanyeje?

Mama wa Mmoja, Nzuguni

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa jua la turubai.

Nianze na jambo moja ambalo ndilo kubwa kwenye barua yako. Umezunguka makanisa matatu, na yote umeyapima Jumapili. Mama mwenye mtoto anayetembea hawezi kulijua kanisa Jumapili. Jumapili kuna ratiba, kwaya zinagombea nafasi, matangazo marefu, ibada ya pili inasubiri mlangoni. Watu wa kukushika mkono utawapata katikati ya wiki, sebuleni kwa mtu, mtaani kwako. Kwenu Njombe hukulijua hilo kwa sababu ulizaliwa ndani yake. Waliokulea Jumapili walikuwa ni walewale waliokuwa wakisali kwa mama yako katikati ya wiki.

Tena fikiria umehamia mji gani. Serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa vitendo, na Dodoma ikawa jiji mwaka 2018, makanisa ya mjini yalijaa watu wa kuja. Kwenye benchi moja unakuta mtumishi aliyetoka Dar es Salaam, mwanafunzi wa UDOM atakayeondoka Julai, na fundi aliyefuata kazi kama mwenzako. Kila mmoja anadhani mwenzake ndiye mwenyeji, anasubiri asalimiwe. Hakuna aliyekuuliza jina kwa sababu pengine aliyekuwa kushoto kwako naye hajaulizwa lake.

Kwa hiyo fanya hivi. Siku ya kazi, si Jumapili, nenda ofisi ya usharika wa KKKT, kanisa lenu la Kilutheri, ulio karibu zaidi na Nzuguni, au piga simu. Usianze na historia yako. Sema, "Mimi ni Mlutheri kutoka Njombe, nimehamia Nzuguni, naomba kujua jumuiya ya kwetu inasali wapi na siku gani." Uliza pia kama usharika huo una mtaa, yaani tawi lake dogo la kusalia, huku pembezoni, maana mji umetanuka kwenda Nzuguni na Ihumwa kuliko majengo ya mjini yalivyojengwa, na mahali pengine ibada ya mtaa inafanyika kwenye darasa la shule au chini ya bati lisilo na kuta. Utapewa namba ya mwenyekiti wa jumuiya. Mpigie siku hiyohiyo kabla aibu haijakushika.

Jumuiya ukiifikia utaitambua. Viti vya plastiki vimekusanywa kutoka nyumba mbili, vingine rangi mbalimbali, na mkeka umetandikwa kwa ajili ya watoto. Mmoja anaanzisha wimbo juu mno, wanacheka, wanaushusha. Linasomwa neno, mnaombeana kwa majina, kuna mgonjwa wa kwenda kumwona, kuna mtu ametafuta kazi miezi mingi, kuna sahani ya sadaka. Mtoto wako ataingia hadi jikoni kwa mwenye nyumba, atarudishwa ameshika kipande cha kiazi, na hakuna atakayekuonyesha turubai. Ukishahudhuria hizo mara kadhaa, Jumapili utakwenda kanisani ukiwa na watu wawili watatu wanaokujua. Mmoja atamchukua mtoto wakati wewe unaimba. Ndicho ulichokosa kule mjini.

Kuhusu turubai lenyewe, mhudumu yule amefuata alichoagizwa, ila utaratibu wa kuwatoa akina mama nje na kuwawekea spika iliyokufa ni mbovu, na mimi sitautetea. Ukishakuwa na sura inayojulikana, mwambie mzee wa kanisa kwa upole lakini waziwazi. Kwa sasa, kokote utakakosali, kwenda ibada ya kwanza ya asubuhi kuna unafuu. Ni fupi, hakujapata joto, na mtoto bado hajachoka. Kaa pembeni karibu na mlango wa ubavuni, si katikati. Mpe uji kabla, siyo biskuti za kuchakura kwenye karatasi. Akianza vurugu toka naye dakika chache kisha rudi. Kutoka na kurudi si dhambi, ila wengi mkishatoka mnaona haya mnaenda moja kwa moja nyumbani. Mwezi wa saba na wa nane, upepo wa Dodoma ukianza kubeba vumbi, mfunike kichwa njiani, maana ukimuuguza wiki nzima kila unapotoka kanisani mwenyewe utachoka kwenda.

Sasa yule bibi Mgogo. Huyo usimwachie hata kidogo. Mtu anayemfunga mtoto wa jirani mgongoni bila kuuliza amekupa kitu ambacho hakuna kamati ya wageni inayoweza kukupa. Waanglikana wana mizizi mirefu Ugogo. Wamisionari wa CMS, shirika la misheni la Waanglikana wa Uingereza, walifika Mpwapwa miaka ya 1870, na Dayosisi ya Central Tanganyika ilianzishwa mwaka 1927. Ndiyo maana kwenye kanisa lao la mtaani unawakuta bibi na babu wenyeji, na nyimbo za Kigogo. Sisi wa kuja, Walutheri wa kusini na kaskazini, Wamoravian wa Mbeya, mara nyingi tunakusanyika watu wa rika moja na shida moja, wote tuna watoto wadogo na hakuna bibi hata mmoja wa kuwashika. Kuna siku utamhitaji bibi kuliko utakavyohitaji kitabu chako cha nyimbo. Jifunze kusema "mbukwa" ukiingia, na "mbukwenyi" wakiwa wengi, utaona wanavyokukumbatia.

Kwa mama yako usiwe na hofu. Yeye ni mzee wa kanisa, analijua hili. KKKT, Anglikana na Moravian wote wako ndani ya Jumuiya ya Kikristo Tanzania, ambayo makao yake makuu yako hapahapa Dodoma, na wote wanabatiza watoto wachanga. Ukisali Anglikana kwa sababu ndiko unakofika kwa miguu na mtoto mgongoni, hujaasi. Mwambie hivi: "Mama, kanisa letu liko mbali, nasali kwa Waanglikana jirani, na jumuiya nasali na Walutheri." Nawajua wengi wanaoishi hivyo miaka na miaka. Ninachokuomba ni kwamba mwishowe uandikwe sehemu moja, mchungaji mmoja akujue kwa jina, kwa sababu siku ya msiba au ya mtoto kulazwa utahitaji wa kumpigia. Ukiniuliza mimi, kwa umri wa mtoto wako, kanisa la kutembea dakika kumi linashinda kanisa la kupanda bajaji, hata kama lile la bajaji lina kwaya ya kutoa machozi.

Wale dada wawili wa Kipentekoste usiwahukumu sana. Makanisa ya Kipentekoste kama TAG na EAGT yanabatiza mtu anapokiri imani mwenyewe, ndiyo maana mtoto wanamweka wakfu. Hawakukudharau, ndiyo mafundisho yao. Walikuja na sukari, wakaomba. Walipokosea, kwa maoni yangu, ni kumwagiza mama asiye na ndugu mjini ahame na mtoto, siku ya kwanza, baba mwenyewe hayupo. Jambo zito hivyo halizungumzwi na wageni wawili kwenye kochi. Usiendelee kuzungukazunguka njia ya sokoni. Watumie ujumbe mfupi, "Asanteni kwa kunitembelea, nimepata pa kusali, Mungu awabariki," basi. Mtaa ni mdogo, mtakutana kwenye foleni ya maji.

Tuje kwenye ndoa. Hapa nitakaa kidogo.

Kiserikali, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaweza kuwachukulia watu walioishi pamoja kama mke na mume kwa miaka 2 au zaidi kuwa ni wanandoa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kanisa halihesabu hivyo, na hujakosea kujua kwamba utaulizwa. Lakini soma tena ulichoniandikia. Hujasema mwenzako hataki. Hujasema wazazi wamekataa. Umesema, "Kila tukipiga hesabu ya harusi." Mwanangu, kinachowachelewesha ni sherehe. Kitchen party, sendoff, ukumbi, kamati ya kukusanya michango, sare za kamati, mpiga picha, gari lililofungwa maua. Kanisa halikudai hata kimoja katika hivyo. Linadai watu wawili walioridhiana, wazazi wanaojua, mashahidi, na ibada.

Mwende kwa mchungaji wawili, mumwambie mnataka ndoa ya ibada tu. Atawapa mafundisho, atawaomba vyeti vya ubatizo na barua kutoka makanisa yenu ya nyumbani. Cha mwenzako cha Moravian hakina tatizo kwa Walutheri wala kwa Waanglikana, mtu habatizwi mara mbili. Yatasomwa matangazo Jumapili tatu, na sheria nayo inataka taarifa ya nia ya kufunga ndoa itolewe angalau siku 21 kabla. Mtatafuta wasimamizi, mume na mke wanaoheshimika, na ukiwa umeshaingia jumuiya hawatakuwa wageni kwako. Sharika nyingine hufungisha ndoa za pamoja, jozi kadhaa asubuhi moja, wengi wao wakiwa na watoto. Utavaa gauni safi, mtashikana mikono, mtarudi nyumbani mpike pilau la majirani. Sherehe kubwa mkiitaka mtaifanya mkishapata hela. Msipoipata, ndoa haina upungufu.

Mahari iliyobaki ni suala la wazee, na wazee wana njia zao. Mwenzako asinyamaze. Amtume mshenga yuleyule kwa baba yako, aseme wazi kwamba salio halijasahauliwa, ila wanaomba ridhaa ndoa ifungwe sasa kwa ajili ya mtoto. Wazazi wengi wa kwenu wanakubali mahari imaliziwe baadaye, wanachochukia ni kimya. Mama yako mzee wa kanisa atakuwa wakili wako wa kwanza, maana naye jambo hili linamkera usiku.

Kuhusu kusimama mbele ya usharika, nina hasira zangu za zamani na hilo, na sitazificha. Toba siipingi. Ninachopinga ni ile uliyoiona, binti mbele peke yake na kijana kwenye besi. Utaratibu wa kurudi kundini haufanani kila mahali, mahali pengine ni mbele ya watu wote, pengine ni ofisini na wazee wawili watatu, na wachungaji wengi mkienda kufunga ndoa wanayamaliza yote kwa pamoja. Kwa hiyo mkienda, uliza kabla, mbele ya mwenzako: "Mchungaji, utaratibu wenu ni upi, na unatuhusu sisi sote wawili?" Akisema wawili, simameni wawili. Akisema wewe tu, muulize kwa adabu ni kwa nini, kisha subiri jibu bila kulijaza wewe. Una haki ya kuuliza, na una haki ya kuzungumza na mchungaji mwingine.

Kwenye jumuiya huna deni la kueleza maisha yako siku ya kwanza. Ukiulizwa kama umefunga ndoa, jibu fupi linatosha: "Bado, tuko kwenye utaratibu na mchungaji." Hakikisha tu kwamba ni kweli. Nenda kwa mchungaji mapema ili jibu hilo liwe la kweli, na utaona maswali yanaisha hapo.

Mtoto sasa. Mpango wa mama yako nauelewa, bibi wengi wamefanya hivyo na watoto wamekua vizuri. Mimi nisingeufuata. Wakati wa ubatizo wazazi na wasimamizi ndio wanaoahidi kumlea mtoto katika imani, na atakayelelewa naye ni wewe na baba yake huku Nzuguni, si bibi Njombe. Kingine, jambo lililofanywa kwa kupitia pembeni utalibeba kila ukikaa na watu wa kanisani. Muulize mchungaji wa hapa waziwazi. Wapo wanaosubiri wazazi wafunge ndoa kwanza, wapo wanaobatiza mara moja kwa hoja kwamba mtoto hana kosa, na mimi niko upande wa hao wa pili. Ukiambiwa usubiri, kama ndoa ni ya miezi michache mbele, subirini. Siku moja mnaweza kufunga ndoa na kumbatiza, nimeyaona hayo, na bibi anaweza kupanda basi kuja. Kwa sasa mpe mama yako kazi nyingine: akuandalie barua ya utambulisho kutoka usharika wenu na nakala ya cheti chako. Itampa cha kufanya na itakufungulia mlango.

Michango ni rahisi kuliko unavyodhani. Ukiwa mgeni huna bahasha. Ukijiandikisha utapewa, na kiasi cha ahadi unaandika mwenyewe. Andika kidogo unachoweza kukitoa bila kumwomba mwenzako kila wiki. Usiandike kwa kutazama bahasha ya jirani. Anayekuja na mayai matano na yakanadiwa baada ya ibada naye ametoa. Kama kuna mtu atakayekupigia simu kukudai hela kwa kisingizio cha unabii au maombezi maalumu, huyo kata simu bila adabu, hata akijiita mtumishi wa nani.

Na mwenzako usimvute kwa maneno. Sidhani analichukia kanisa. Alichukia kusimuliwa kwamba watu wasiomjua waliingia nyumbani kwake na kumwambia mkewe ahame. Mwanaume yeyote anayejiheshimu angesema alichosema. Usimwalike kwenye ibada ya saa tatu siku yake pekee ya kulala. Muombe aende nawe kwa mchungaji kuulizia ndoa, kwa sababu hilo ni jambo lake vilevile na anataka liishe. Nikukumbushe pia kwamba mwenzako ni fundi umeme, na mjini kuna spika ya turubai haitoi sauti. Mwanaume aliyeitwa kurekebisha kitu anarudi wiki ijayo kuangalia kama bado kinafanya kazi.

Anza na ile simu ya ofisi ya usharika. Jumatatu nyingi wachungaji hupumzika, piga Jumanne. Ukishajua jumuiya ya Nzuguni inasali siku gani na upande gani, niandikie, kwa sababu nina barua nyingine mbili mezani kutoka Ipagala na Ihumwa, za mama wenye watoto wa umri wa wako, zinauliza hivyohivyo.

Shangazi